Ami Anakuja Kuwinda

Ami yake mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Selous tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufuatana na watalii wa kuwinda. Mgeni akipiga mnyama, yeye ndiye aliyeandika; mgeni akitaka kuzidisha idadi iliyomo kwenye kibali, yeye ndiye aliyemwambia basi. Jioni, moto ukiwaka kambini, wageni walimsimulia mawindo ya kwao, na wale wa Alaska ndio waliomwachia habari asiyoweza kuisahau. Walimwambia kuna mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko ng'ombe, mwenye pembe pana kama ungo, anayeingia ziwani mpaka mabegani kutafuta majani ya chini ya maji. Anaitwa musi. Ami alirudi na habari hiyo Tanga. Nilipoolewa katika ukoo ule niliikuta, na kila Idi ilisimuliwa upya.

Sasa ana mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyemchukua akiwa mdogo, akamlea na kumsomesha. Kijana huyo ana biashara yake Maskati na Mungu amemfungulia. Siku moja akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba anamlipia mjomba wake safari ya kuwinda musi Alaska, nauli na mwongozaji na kila kitu, kabla magoti ya mzee hayajachoka. Kundi zima likajaa dua na machozi. Kazi ya kupanga ikaangukia nyumba yetu, kwa kuwa sisi ndio tunaoishi Anchorage.

Nasema nyumba yetu kwa kuwa mawindo yale yalipangwa pale mezani tunapokula, na yaliyotokea kati ya meza ile na pori yamenifundisha mambo ambayo ningependa kila mwenye mzee wa kumleta huku ayajue mapema.

Jambo la kwanza lililotukuta lilikuwa la udugu. Mume wangu hakuona haja ya mwongozaji. Yeye ni mkazi wa Alaska, ana leseni yake ya kuwinda anayolipia dola 45 kwa mwaka, pori analijua, bunduki anayo. "Ami atakwenda na mimi," alisema. "Za mwongozaji zibaki Maskati." Binti yetu, ambaye ndiye msomaji wa kila karatasi inayoingia nyumbani, alikuwa amefungua kitabu cha kanuni za uwindaji kinachotolewa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska kila mwaka, bure. Akatusomea.

Sheria inawagawa watu mafungu. Mkazi ni yule aliyekaa Alaska miezi 12 mfululizo na kufanya makazi yake hapo. Mtu wa jimbo jingine la Marekani anaweza kuwinda musi bila mwongozaji, lakini kwa dubu wa kahawia, kondoo mweupe wa milimani na mbuzi wa milimani lazima awe na mwongozaji mwenye leseni, au afuatane na ndugu yake wa karibu aliye mkazi. Na huyo ndugu wa karibu ametajwa: baba, mama, kaka, dada, mume, mke, mtoto, babu, bibi, mjukuu, pamoja na wakwe na mashemeji. Ami hayumo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, binamu hayumo. Fungu la mwisho ni mgeni wa nchi nyingine asiyeishi Marekani. Huyo hagusi mnyama mkubwa hata mmoja, awe musi au dubu mweusi, bila mwongozaji mwenye leseni ya jimbo kuwa naye bega kwa bega porini.

Mume wangu alisimama. Ami ndiye aliyempeleka chuoni akiwa mtoto, ndiye aliyesimamia ndoa yetu, ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza baba yake. Baba mdogo ni baba, alisema, na kitabu gani hiki kisichomjua baba? Nilimwelewa kabisa. Tukampigia Ami, na mume wangu akamweleza kwa uchungu, akimwambia kwamba wangeweza kwenda kimya kimya, pori ni kubwa, Alaska inakaribia kuwa mara mbili ya Tanzania na watu wake hawafiki milioni moja, nani atawaona?

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, hata Selous mgeni hakuwinda bila mwindaji bingwa na askari. Huyo askari nilikuwa mimi. Sheria niliyowasimamia watu wa huko miaka yote, leo nije nikaivunje kwao?"

Hakuna aliyerudia tena neno hilo nyumbani kwetu.

Tukaanza kutafuta mwongozaji, na hapo ndipo shemeji yangu wa Minneapolis alipoingia. Ni mdogo wake mume wangu, mwepesi wa mkono na wa moyo. Alipata kampuni inayopeleka wawindaji porini kwa bei iliyokuwa chini ya robo ya zote tulizoziona. Kabla sisi hatujamaliza kusoma ujumbe wake, alikwisha kutuma malipo ya kwanza kutoka mfukoni mwake, kwa mapenzi, ili nafasi isipotee.

Huku kuna leseni mbili tofauti ambazo mtu wa mbali hawezi kuzitenganisha kwa kutazama picha. Kuna mwongozaji, na kuna msafirishaji. Msafirishaji anakurusha kwa ndege ndogo, anakushusha kwenye kokoto za mto au kando ya ziwa, anakuja kukuchukua siku mliyopatana. Haruhusiwi kukuonyesha mnyama wala kukuongoza kumfuata. Kwa mkazi, au kwa Mmarekani anayekwenda kuwinda musi, hiyo inatosha. Kwa Ami ilikuwa ni tiketi ya kwenda kuvunja sheria. Kampuni ile ilikuwa ya usafirishaji tu, na hakuna aliyemuuliza shemeji mwindaji ni raia wa wapi. Alirudishiwa sehemu ya fedha zake baada ya simu nyingi. Nyingine zilikwenda.

Tangu siku ile binti yetu akawa hapokei jina la mwongozaji yeyote mpaka alitafute kwanza kwenye orodha ya bodi ya jimbo inayotoa leseni hizo. Orodha iko wazi kwa kila mtu. Utamwona mwongozaji, namba yake, kama leseni ni hai, na maeneo aliyojiandikisha kufanyia kazi, ambayo hayazidi matatu. Kama anakuuzia uwindaji wa mahali pasipokuwa kwenye maeneo yake, achana naye. Na sheria inamtaka afunge mkataba wa maandishi na mteja wake. Asiyetaka kuandika, mwache vilevile.

Aliyebaki baada ya chujio hilo alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye kambi yake upande wa mto Kuskokwim. Bei yake ilipita dola 20,000. Ami hakutajiwa. Leseni ya mgeni wa nje peke yake ni zaidi ya dola 600, na juu yake kuna lebo ya chuma ya kufunga kwenye mnyama, ambayo nayo ina bei yake kubwa. Tulimtumia kijana wa Maskati hesabu yote tukiwa na haya, tayari kumwambia ajirudi na hakuna atakayemlaumu. Alikaa kimya mchana kutwa. Usiku akajibu: "Aliponilipia ada hakuniuliza bei."

Siku ya kuzungumza na mwongozaji tuliweka simu katikati ya meza. Wanaume waliuliza kuhusu bunduki, na akajibu kwamba Ami atatumia ya kambi. Hilo lilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu mgeni wa nje kuingiza bunduki Marekani kunahitaji kibali cha serikali kuu kinachoombwa mapema, na kwa kawaida aliyeingia kwa viza ya matembezi hashiki hata ya kuazima mpaka awe na leseni halali ya kuwinda. Waliuliza mvua, dubu, vitanda. Zamu yangu ilipofika nikauliza nyama itafikaje nyumbani kwangu.

Kukawa na kimya kidogo, kisha akaniambia ukurasa wa mkataba. Yeye anaitoa nyama porini mpaka kwenye uwanja wa ndege wa McGrath. Kutoka pale hadi Anchorage ni juu ya mteja, kwa bei ya mizigo, kila ratili na fedha yake.

Musi dume wa Alaska aliyekomaa anaweza kufika ratili 1,600, yaani zaidi ya kilo 700, na akishachunwa na kutolewa mifupa anaacha nyama kama ratili 500. Hizo ni kilo 225 na zaidi. Na sheria ya Alaska haimruhusu mwindaji kuchukua pembe akaacha nyama. Kila kinacholika lazima kitoke: mapaja, mikono, sarara, shingo, kidari, mpaka nyama ya katikati ya mbavu. Kuiacha ioze ni kosa la jinai lenye kifungo. Sehemu nyingi inatakiwa nyama itoke ikiwa bado kwenye mifupa, na pembe haziondoki pale alipoangukia mnyama kabla ya nyama. Zinakwenda na mzigo wa mwisho. Sheria hii naipenda kwa moyo wangu wote. Nimekulia nyumba ambayo mbuzi akichinjwa hata ngozi ina mwenyewe, na hapa nilikuta serikali nzima inayosema vivyo hivyo. Lakini ndani yake kuna kazi, na kazi hiyo haiishii porini, inaishia jikoni kwa mtu fulani. Huyo mtu hana budi kuulizwa kabla mkataba haujatiwa saini.

Tukakubaliana nusu ya nyama itolewe kwa familia za kule McGrath, ambako hakuna barabara na kila kitu cha dukani kinaingia kwa ndege au kwa matishari ya mtoni majira ya joto. Inaruhusiwa, ipo fomu ya kukabidhi nyama kwa mtu mwingine. Nusu nyingine ingekuja kwetu. Ndipo likaja suala la friza.

Tuliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, ndefu ya kulala, inayoweza kumeza mbuzi wanne. Mume wangu aliamua ikae chumba cha chini, karibu na mashine ya kufulia. Ilishuka ngazi vizuri mpaka kwenye kona, na pale ikakwama, haiendi chini wala hairudi juu, imeziba njia yote. Kijana wetu alikuwa amebaki upande wa chini. Alikaa kule jioni nzima, akapelekewa chakula kwa juu ya friza. Nguo za wiki zilikuwa kule. Majirani wawili walikuja na kamba, wakaisukuma mpaka rangi ya ukuta ikatoka, na mwisho ilibidi kung'oa mlango wa ngazi pamoja na fremu yake. Friza ikaenda kukaa gereji, mahali ambapo nilikuwa nimesema tangu mwanzo, na fremu mpya ya mlango ikaingia kwenye hesabu ya mawindo.

Mama mkwe naye alikuwa na swali lake, na lilikuwa swali la haki. Alilileta kwa simu ya video, kanga kichwani, kutoka barazani kwake Tanga: nyama hiyo ni halali? Tukaliangalia kwa makini. Musi ni mnyama wa kwato, anacheua, anakula majani na vijiti. Hana kucha za kurarua wala meno ya kuwindia. Sura ya Al-Maida imezungumzia mawindo waziwazi. Imamu wa msikiti wetu hapa Anchorage alitupa muda wake baada ya Ijumaa na kutueleza taratibu: mpigaji awe Ami mwenyewe, ataje jina la Mungu anapofyatua, risasi iingie na kutoboa, na akimkuta mnyama bado ana uhai amchinje. Mwongozaji alipoelezwa alisema hilo halina taabu, yeye atasimama nyuma na kushika kisu tayari. Mama mkwe akauliza kisu ni kikali kiasi gani. Akajibiwa. Akaridhika.

Ami alifika mwisho wa Agosti, wakati theluji ya kwanza ilipokuwa imepaka vilele vya milima ya Chugach. "Shikamoo Ami," nikamwambia uwanjani, nikambusu mkono. Alikuwa amevaa jaketi lake la kazi la Selous, la pamba nzito, limepauka mabegani, nembo imeshonwa upya kwa uzi mwekundu. Alilipiga pasi kwa safari hii.

Mwongozaji alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: nguo za pamba zisije. Pamba ikilowa porini kule haikauki, na inaufyonza joto mwili. Watu hufa kwa baridi hata nyuzi zikiwa juu ya sifuri, kwa kulowa tu na upepo. Vinatakiwa sufu na vitambaa vya kisasa, toka soksi mpaka kofia. Sikuwa na moyo wa kumwambia Ami avue jaketi lile, nikamwachia mume wangu, naye akaniachia mimi. Mwisho aliyemwambia ni binti yetu, kwa adabu, akamsomea ukurasa. Ami akalikunja jaketi akalitia chini kabisa ya mfuko. Mzigo wake wote haukutakiwa kuzidi ratili 50, kwa sababu ndege ya mwisho ni ndogo na rubani hupima kila kitu. Tuliuweka kwenye mizani ya bafuni: ratili 63. Tukatoa sufuria, tukatoa mkeka, tukatoa chupa ya asali ya Handeni. Ratili 54. Akatoa viatu vya pili. Jaketi hakulitoa, na hakuna aliyemwomba.

Chakula cha kambini kilikuwepo kwenye bei, lakini Ami hakujua kitapikwa na nini, wala sikutaka mzee wa miaka yake akae baridini kwa biskuti. Nikaamua kumkaushia pilau. Jambo hili linawezekana, na nalieleza kwa atakayelihitaji. Nyama iwe ya kusaga, isiyo na mafuta kabisa, maana mafuta hayakauki na ndiyo yanayochachisha. Kitunguu kikaangwe kwa mafuta kidogo sana. Bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, hiliki na karafuu visagwe, visibaki vizima vikatoboa mfuko. Wali ukiiva uutandaze kwenye sinia za oveni, punje zisipandane, moto uwe wa chini kuliko wote, mlango wa oveni uachwe wazi kidogo mvuke utoke, na ugeuze kila baada ya muda. Unakauka usiku kucha, unakuwa mgumu na mwepesi, ukishika unalia kama kokoto. Porini unaumiminia maji ya moto ndani ya mfuko wake, unaufunga, unaufunika kwa kofia ya sufu, na baada ya kama robo saa unarudi kuwa pilau. Nyumba ilinukia harusi. Alfajiri mvuke ukafika kwenye king'ora cha moshi, kikalia, na vya vyumba vyote vikaitikia. Watoto wakatoka nje na mablanketi wakidhani nyumba inaungua.

Ami hakushtuka kwa kuwa alikuwa macho. Kati ya Tanga na Anchorage majira hayo kuna saa 11, na mwili wake haukuwa umehama. Usiku alikuwa akifanya mazoezi: anatia mfuko wa mchele wa ratili 40 kwenye begi la mgongoni na kupanda na kushuka ngazi zile zile zilizokwamisha friza, ili azoeshe viatu na magoti. Siku ya tatu au ya nne mfuko ulipasuka akiwa juu kabisa. Mchele wote ulimwagika mpaka chumba cha chini, ukaingia chini ya mashine ya kufulia na kwenye matundu ya hewa ya joto. Nilimkuta ameinama anaokota punje kwa vidole, mzee wa watu, akinihesabia ngazi alizokuwa amemaliza. Tuliukusanya pamoja mpaka asubuhi. Joto la nyumba lilipowashwa Oktoba, punje zilikuwa bado zinagonga ndani ya mabomba.

Asubuhi ya safari, gari likiwa limepakiwa, musi jike na ndama wake walikuja wakasimama mbele ya gereji na kuanza kula mti wangu wa tufaha. Huku mjini ni jambo la kawaida, na si jambo la mchezo: Alaska musi hujeruhi watu wengi kuliko dubu, na jike mwenye ndama hukanyaga mtu bila onyo refu. Huwezi kumfukuza, huwezi kumpita. Ami alisimama dirishani, uso karibu na kioo, akimtazama mnyama aliyemsikia kambini Selous miaka yote ile. Masikio yalikuwa yakizunguka kila moja kivyake. Pumzi ilitoka puani nyeupe. Mume wangu alikuwa akitazama saa na kuhangaika, Ami akamwambia kwa sauti ya chini amwache mama ashibe. Alishiba. Tulifika uwanjani tumechelewa, na ndege yenyewe ilikuwa haijaruka, kwa kuwa McGrath kulikuwa na ukungu. Ilikaa hadi kesho yake.

Ya porini nayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa si yangu. Alaska, anayefika porini kwa ndege ndogo haruhusiwi kuwinda siku hiyo hiyo. Anasubiri mpaka saa 9 za usiku zipite. Ami aliutumia muda huo kutafuta kibla. Binti yetu alimwandikia kwenye karatasi: kutoka huku, njia fupi ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kwa hiyo unaelekea kaskazini, mkono wa kushoto kidogo. Aliswali akiwa amelielekea pori tupu. Siku za mwanzo walimwona dume mmoja, wakamwacha, kwa kuwa mgeni anatakiwa kupiga dume lenye pembe za upana wa inchi 50 au zenye idadi maalumu ya ncha za mbele, na mwongozaji alimkisia hafiki. Ami alimwandikia mume wangu kwa kifaa cha setilaiti: "Amenikataza. Ni mtu mzuri." Baadaye mwongozaji alikwaruza vichaka kwa mfupa wa bega, sauti ambayo dume huidhani ni ya dume mwenzake, na likatoka moja kubwa, likaja lenyewe. Ami alipiga mara moja. Kupiga, anasema, kulikuwa ni pumzi moja. Kubeba kulikuwa siku mbili kwenye matope na vichuguu vya majani, na vijana wa kambi ndio waliobeba, yeye alibeba alichoweza.

Nyama ilifika kwetu usiku, mapaja mawili na mkono mmoja na mifuko ya vitambaa inayopitisha hewa, mizito kiasi kwamba gari liliinama nyuma. Meza ya kulia chakula ilitandikwa nailoni. Wanawake wa jumuiya walikuja na visu vyao, Wasomali, Wasudani, dada mmoja wa Bukavu aliyejua kutenganisha paja kwa viungo bila kugusa mfupa kwa chuma. Shingo ilikwenda kwenye sambusa, mbavu kwenye supu. Tulifanya kazi mpaka jioni ya pili. Mabaki na mifupa hatukuyatoa nje. Yaliganda ndani ya friza mpaka asubuhi ya gari la taka, kwa kuwa dubu wa mjini walikuwa bado hawajalala. Nyama yake ni nyekundu sana, haina mafuta, ina utamu kidogo, na inataka moto wa taratibu.

Ami alirudi Tanga na lebo ya chuma mfukoni na jaketi lake mwilini. Mwongozaji alimpiga picha amelivaa siku ya mwisho, hali ya hewa ilipokuwa kavu, na picha hiyo iko barazani kwa mama mkwe.

Kama nawe una mzee anayetaka safari ya namna hii, mwombe mwongozaji namba yake ya leseni na uitafute mwenyewe kwenye orodha ya bodi kabla ya kutuma hata dola moja. Mweleze mwindaji ni raia wa wapi na anaishi wapi. Mkataba uusome pamoja na mtu atakayeipokea nyama, na yeye akubali kwa mdomo wake. Msimu wa musi sehemu nyingi ni Septemba, na waongozaji wazuri hujaza nafasi zao mwaka mzima kabla, wengine zaidi. Anayemfikiria mzee wake kwa mwakani aanze kupiga simu wiki hii.